Saa Tisa ya Majitu ya Chuma

Nilifika pale chuoni mara ya kwanza kutafuta bango. Nilikuwa nauza mitumba Mkata, na nilitaka karatasi kubwa iandikwe BEI NI MOJA, maneno ambayo hakuna mteja aliyeyaamini, mimi mwenyewe nikiwa wa kwanza kutoyaamini. Korogwe walikuwa wamefungua chuo cha kompyuta jirani na stendi, ndani ya lililokuwa duka la ushirika. Palipokuwa na rafu za sabuni na chumvi, au rafu tupu, ikitegemea mwaka unaoukumbuka, sasa kulikuwa na kompyuta sita zilizounganishwa kwa waya. Nilizihesabu mara mbili, maana moja ilikuwa nyuma ya pazia.

Siku hiyo alikuwepo bwana mmoja mfugaji, wa rika langu, kutoka nyanda kavu za huko mbele ya Sindeni. Kila Jumamosi alikuja Korogwe kununua dawa ya mifugo, na safari hiyo alileta barua ya kuomba josho ichapwe. Aliyemchapia alikuwa dada mmoja wa Bungu, kule milimani, mwanafunzi wa pale, mwenye vidole vyepesi na maneno machache. Tukiwa tunasubiri, saa tisa ikagonga. Mwalimu, mtu mzima mwenye miwani, akafunga daftari lake na kusema, "Haya, masomo basi." Nikadhani tunafukuzwa. Kumbe ndiyo kwanza kompyuta zinaanza kazi.

Lilikuwa gemu la vita. Kila mtu anapewa jitu la chuma refu kama mnara wa maji, anakaa ndani yake na kuliendesha. Watatu upande huu, watatu upande ule. Ukiuawa unakaa kando mpaka raundi iishe. Mwalimu na wanafunzi wake wawili wa kiume walikuwa upande mmoja, upande wa pili alikuwepo dada wa Bungu peke yake.

"Nyie wawili mnaosubiri," alisema mwalimu, "njooni mkae, msinijazie mlango."

Tulikaa. Tulikufa sisi wawili kabla sijajua jitu langu ni lipi.

Jumamosi iliyofuata nilirudi, ingawa bango nilikuwa nalo. Mfugaji naye alikuwepo, na barua yake ilikwishatumwa. Hakuna aliyemuuliza mwenzake amefuata nini.

Mwanzoni tulicheza kama watu wanaogombea basi la Tanga: wote mbele, wote mlango mmoja, na wote tunaachwa. Ilichukua wiki kadhaa kila mmoja kupata kazi yake. Dada alikuwa mtu wa mlimani hata ndani ya kompyuta. Akiona kilima, anapanda, anatulia na bunduki yake ndefu, na anayepita chini amekwisha. Mimi nilichukua jitu zito, la taratibu, lenye chuma kingi kifuani. Kazi ya jitu zito ni kusimama njiani na kupigwa, na kwa mtu aliyezoea kusimama juani siku nzima akiambiwa nguo zake ni matambara, hilo halikuwa geni. Ila mimi niliongeza langu. Niligundua kila jitu lina makombora kumi na mawili, likiyamaliza linakaa kimya kidogo likijaza mengine. Basi nikawa nayahesabu ya adui kwa sauti ya chini: tisa, kumi, kumi na moja. Yakifika kumi na mawili nasema, "Kaishiwa," na wenzangu wanatoka mafichoni.

Mfugaji alichukua jitu jepesi, lenye silaha ndogo kuliko zote. Nilimwonea huruma mpaka nilipoona anavyolitumia. Hakupiga sana. Alizunguka, akasimama ubavuni mwa adui, akarusha moja tu, na adui akajikuta anasogea kule kule anakotakiwa, kwenye kilima cha dada.

"Mbona humalizi?" nilimuuliza.

"Ng'ombe anayekwenda unakotaka, unampiga ya nini?"

Siku moja, tukinywa chai stendi, nilimuuliza ana ng'ombe wangapi. Ni swali la kishenzi kwao, nilikuja kujua baadaye. Kuhesabu mifugo kichwa kwa kichwa ni kuitafutia balaa.

"Wapo," alisema.

"Wapo wangapi?"

"Wapo wote."

"Sasa jioni wakiingia zizini, unajuaje wote wamerudi?"

"Nawaangalia. Asiyekuwepo namwona."

"Kaka, asiyekuwepo haonekani."

"Kwako," alisema, akanywa chai yake.

Nilimweka kwenye fungu la watu wema wasiojua hesabu, nikaendelea na maisha.

Kisha mwalimu akatangaza kwamba saa tisa ya Jumamosi itakuwa ya darasa la ziada la kuchapa. Wanafunzi wameongezeka, alisema, na hizi kompyuta hazikuletwa kwa ajili ya majitu. Alikwishaiandika ratiba kwa chaki kwenye ubao.

Sikutegemea kuumia vile. Siku sita za wiki kila aliyenisogelea alitaka nishuke bei, na saa ile moja tu hakuna aliyeniomba kushuka popote. Tena mfugaji asingekuwa na sababu ya kukaa Korogwe mpaka jioni. Angenunua dawa yake saa nne na kupanda basi, na huko kwao hakuna anuani ambayo ningeweza kumtafuta kwayo. Dada angekuwa darasani. Tungekuwa watu watatu waliowahi kufahamiana.

Nikafanya ninachokijua. Nikaanza juu.

"Shikamoo mwalimu. Tunaomba saa mbili za gemu."

"Marahaba. Nimewanyima moja, unaomba mbili?"

"Basi saa moja na nusu."

"Bwana wee, hapa si gulioni."

"Mwalimu, sema tu unaogopa. Tangu tupate akili hamjatushinda hata mara tatu."

"Mara nne," alisema haraka, na hapo nikajua naye anahesabu. Wanafunzi wake wakacheka. Mwalimu akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Sikilizeni. Raundi tatu, leo hii. Mkishinda mbili, saa tisa inabaki ya gemu. Mkishindwa, sitaki kusikia habari ya majitu humu ndani."

Tulikaa watatu ukuta huu, mimi katikati, wao ukuta ule, tukipeana migongo. Feni ilikuwa inagonga kama cherehani mbovu, ukimnong'oneza jirani yako, mwingine hasikii. Uwanja ulikuwa bonde lenye vumbi, katikati majabali mawili yaliyoacha upenyo mwembamba, na kilima upande wetu.

Ya kwanza tulichukua. Nilisimama kwenye upenyo, nikahesabu kumi na mawili, dada akamaliza mmoja baada ya mwingine. "Wazee wa mitumba mna chuma kigumu," alisema mwanafunzi mmoja, na nikamjibu kwamba ni grade one.

Ya pili niliipoteza mimi. Vumbini niliona majitu yakikatiza nyuma ya majabali: moja, mawili, matatu. Nikasubiri, nikahesabu tena, matatu. Nikamwambia dada ashuke tuwavamie wote pamoja.

"Mzito hayupo," mfugaji alininong'oneza. Mzito lilikuwa jitu la mwalimu.

"Nimehesabu watatu. Mara mbili."

"Umehesabu. Mimi nimewaangalia."

Dada alishuka. Mwalimu, aliyekuwa amezunguka kilima muda wote huo, alimpiga mgongoni kabla hajafika chini, kisha akatugeukia sisi.

"Somo la kwanza la kuchapa," alisema mwalimu, "ni kunyoosha mgongo."

Nilikaa nikitazama kioo cheusi. Mfugaji hakunilaumu. Alinieleza tu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia, kwamba yule mdogo wao, jitu jepesi la mwanafunzi mmoja, alipita, akarudi nyuma ya jabali, akapita tena. Mguu wake wa kulia ulishapigwa, unaburuta kidogo. Mimi niliona jitu jingine, yeye aliona lile lile. Nilikuwa nimehesabu sawasawa kabisa kitu nisichokitazama.

Raundi ya tatu ikaanza. Mfugaji alimwahi yule mdogo mapema, akamgusa mguuni risasi moja, akamwacha aburute. Vumbi, majabali. Moja, mawili, matatu. Mdomo ulikuwa tayari kusema. Nikaufunga, nikamwinamia mfugaji.

"Nani hayupo?"

"Mzito. Anapanda nyuma ya dada."

Sasa hapo likaingia la gulioni. Nikapaza sauti chumba kizima kisikie: "Wote watatu wako hapa! Dada shuka, shuka upesi!" Na chini ya meza nikamkanyaga dada mguu kwa nguvu. Dada ananunua mboga na kuuza tangu akiwa mdogo, hakuhitaji kuelezwa kwamba kauli ya kwanza si bei. Hakushuka. Aligeuza bunduki yake nyuma.

Mimi nilijisukuma kwenye upenyo na kupigwa na wawili kwa pamoja mpaka jitu langu likalala. Nilikufa nimeridhika, maana kila kombora nililokula mimi lilikuwa halimfikii mwenzangu. Nyuma ya mgongo wangu nikamsikia mwalimu, jitu lake likiwa limepigwa kule kilimani, akisema, taratibu kabisa, "Ah. Kumbe yupo." Kisha mfugaji akawaingia wale wawili ubavuni, wakiwa hawana kombora hata moja, akawatembeza hadi chini ya kilima bila haraka. Dada alipiga mara mbili. Safari hiyo sikuhesabu, niliambiwa.

Mwalimu alikwenda ubaoni na kufuta darasa la kuchapa kwa kiganja chake. Chaki ilimjaa mkononi. Akabaki pale amemtazama mfugaji.

"Wewe bwana. Jumamosi ijayo utakaa upande wangu."

"Mwalimu, huyu hauzwi," nilisema.

"Sijakuuliza wewe. Umezoea kuuza vya watu."

Tulivutana mpaka mfugaji mwenyewe akachukua mfuko wake wa dawa, akasema yeye atakaa penye kiti chochote, mradi saa tisa ipo, na basi lake linaondoka.

Wiki iliyofuata alikaa ukuta wa pili na mwalimu, tukapewa mwanafunzi mmoja badala yake. Sikuwa hata nimefika kwenye upenyo nilipogundua kwamba kwa dakika nzima nimekuwa nikienda kule anakotaka yeye, na nilikuwa naiona njia ile kuwa ni nzuri. "Taratibu, taratibu," nilimsikia akisema nyuma yangu, na dada akaniuliza mbona nacheka wakati tunakufa.