Niliufuga Msiba wa Mama Yangu

Msinipe pole. Nimekwisha kuzipokea nyingi, na nusu yake nilizipata kwa hila. Naandika bila jina kwa sababu ndugu zangu bado wanaishi Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, na hawastahili kunyooshewa vidole kwa kosa lililo langu peke yangu. Niliuzuia msiba wa mama yangu usiishe, kwa kuwa ulikuwa unanifaa.

Mimi ni Mrundi wa miaka arobaini na sita, kifungua mimba wa nyumba yetu. Nilikuwa nasomea shahada ya uzamivu katika chuo kimoja mjini Mbarara, nikichunguza magonjwa ya maharage, na wakati huohuo nikifundisha kwa mkataba wa muhula mmoja mmoja. Kila muhula ulipokwisha nilisubiri ujumbe wa simu wa kunijulisha kama bado nina kazi. Mtu mzima, mwenye shahada mbili, anashindwa kumwambia mwenye nyumba kama mwezi ujao atakuwapo!

Shamba langu la utafiti lilikuwa shamba la mama, kule kambini. Hakusoma sana, lakini kila Jumamosi alipita kati ya mistari ya maharage akihesabu majani yenye madoa, na kwa kila jani alichora kijistari kimoja katika daftari nililompa. Alipofariki, daftari lile lililetwa kwangu likiwa limefungwa ndani ya kitenge chake. Sikuweza kulifungua. Miezi ilipita, nami sikuweza. Bila hesabu zile hapakuwa na sura ya nne, na bila sura ya nne hapakuwa na tasnifu.

Ningeweza kumweleza msimamizi wangu hivyo hivyo, kwa sentensi moja. Aibu ilinizuia. Nilijiuliza ni mtafiti gani anayeogopa daftari.

Sasa sikilizeni nilichofanya badala yake. Kwetu, kuzika si kumaliza. Siku chache baada ya mazishi ndugu hukutana kuyapunguza matanga, na baada ya muda, mara nyingi mwaka, hukutana tena kuyaondoa kabisa. Siku hiyo ya pili tunaiita kuganduka. Mtoto mkubwa husimama, hutoa neno mbele ya watu, pombe ya mtama hupita, na kuanzia hapo nyumba ina ruhusa ya kuoa na kuozesha. Kabla ya hapo hakuna harusi. Na mkubwa asipotaja siku, siku haipo.

Mkubwa ni mimi.

Basi nilikaa chumbani kwangu Nyamitanga, pale pale Mbarara, nikaandika barua kwa ofisi ya masomo ya juu. Nilisema kwamba, kwa desturi ya watu wetu, familia yangu bado imo matangani, nami kama kifungua mimba nimebeba majukumu yake. Niliomba miezi sita. Msimamizi wangu, mama mmoja Mnyankole, mpole kuliko nilivyostahili, aliisoma mara mbili, akaniambia nijitunze, akatia sahihi. Mkuu wa idara naye akaahidi kwamba jina langu halitaondolewa kwenye orodha ya mikataba mpaka nitakapotoka msibani. Nilishuka ngazi za jengo lile nikiwa mwepesi. Sitawaficha: nilifurahi. Mama alikuwa amenipatia kazi.

Mdogo wangu wa mwisho anaitwa Godeliva. Nimelibadilisha jina, ila kosa sijalibadilisha. Yeye ndiye aliyemuuguza mama. Yeye pia, kama nilivyokuja kujua nimechelewa, ndiye aliyehesabu majani Jumamosi zile za mwisho mama alipokuwa haamki. Alikuwa amechumbiwa na Silvesta, seremala wa Oruchinga, kambi jirani, mtu wa maneno machache. Familia zilikuwa zimekwisha kutambulishana. Kilichobaki kilikuwa kuganduka tu, kisha kanisani. Godeliva alikuwa na miaka thelathini na nne, na majirani walikuwa wameanza kuuliza kwa sauti.

Mwaka ulipotimia, baba mdogo alinipigia simu kuniuliza tarehe. Nikamwambia baada ya mitihani. Baada ya mitihani nikasema baada ya semina. Baada ya semina nikaandika barua ya pili ofisini, nikapewa miezi sita mingine, nami nikamwambia baba mdogo kwamba mambo ya chuo hayaharakishwi. Akaniuliza kama huko chuoni kuna watu wanaokufa.

Jumapili moja, nikiwa nimekwenda nyumbani, shangazi yake Silvesta alifika baada ya misa pamoja na wazee wawili. Alikataa kiti.

"Tumekuja kuuliza kama hii nyumba iko na mkubwa."

"Inaye," nikamjibu. "Ila ana kazi."

"Sawa. Basi hiyo kazi ije imuoe huyu binti."

Wale wazee walicheka chini chini. Godeliva alikuwa amesimama mlangoni na vikombe vya chai mkononi, naye alisikia kila neno. Nilimwambia shangazi yule kwamba mtu asiyejua maana ya utafiti asinipangie ratiba. Nililisema kwa Kiswahili cha darasani, polepole, ili limuume vizuri. Aliniangalia kuanzia viatuni hadi kichwani, akamuaga Godeliva peke yake, akaondoka. Chai ile hakuna aliyeinywa.

Hata hapo sikushtuka. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia baba mdogo, nikaikasirikia kambi nzima kwa kunidai siku moja tu, na hiyo moja ndiyo sikuwa tayari kuitoa. Siku ambayo matanga yangeisha, ningebaki mbele ya ofisi ile nikiwa mtu wa kawaida aliyeshindwa kuandika.

Miezi ikasogea. Asubuhi moja Godeliva alipanda gari Rwekubo, karibu na kambi, akaja Mbarara kuniletea unga. Nilikuwa nimetoka kununua sukari. Niliporudi nilimkuta ameketi kwenye meza yangu, na barua ya tatu, niliyokuwa bado sijaipeleka ofisini, iko mikononi mwake. Amesoma shule za Uganda. Kiingereza changu hakikumsumbua.

"Kaka, hii ni ya ngapi?"

Nikamwambia.

"Na kitabu chako umeandika kurasa ngapi?"

Zilikuwa kumi na moja, kwa muda wote ule.

"Mimi nilikuwa nakutetea," akasema. Hakupandisha sauti. "Kila mtu akisema, namwambia mwacheni, kaka bado anamlilia mama. Kumbe umemfanya mama kuwa karatasi ya daktari. Ukichelewa tu, unamtoa, unamuonyesha."

Hapo ndipo ningepiga magoti. Badala yake nilimwambia jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka nasimama popote nilipo. Nilimwambia kwamba wanaume wamejaa wilaya nzima ya Isingiro, ila shahada kama hii ni moja. Aliiweka barua mezani, akainyoosha kwa kiganja, akachukua mfuko wake mtupu wa unga na kutoka.

Safari ile ofisi ilidai sahihi ya mzee wa ukoo. Nilimfuata baba mdogo kambini, nikamkuta anatia mpini kwenye jembe. Nilimfasiria barua yote, neno kwa neno. Alinisikiliza hadi mwisho bila kuacha kugonga.

"Andika mwenyewe, msomi," akasema. "Mimi Kiingereza sijaanza, na sitaanza na uongo." Kisha akaongeza, akilitazama jembe: "Jumamosi tunaganduka. Neno nitalitoa mimi. Weye ukija ni sawa, usipokuja ni sawa."

Sikwenda. Niliamini kwamba hawatathubutu bila mimi. Jumamosi ile nilikaa Nyamitanga nikisubiri mtu anipigie simu kunibembeleza, na simu haikulia hata mara moja. Waliganduka. Watu walikuwa wengi, nilisikia baadaye, na baba mdogo alimsemea mama vizuri kuliko ambavyo mimi ningemsemea.

Wiki iliyofuata alituma ujumbe Oruchinga kwamba nyumba sasa iko wazi. Jibu lilirudi siku hiyohiyo, tena kwa heshima. Silvesta alikuwa amekwisha kutangazwa ndoa kanisani Jumapili mbili na binti mwingine. Tulichelewa kwa Jumapili mbili.

Ofisi nayo ilikataa barua isiyo na sahihi. Kazi ikapewa mwingine. Sitawachosha na hilo, ndilo dogo.

Nilikwenda nyumbani nikiwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi, maneno mazuri, yaliyopangwa. Godeliva alikuwa uani anapepeta maharage, amevaa nguo ya maua ambayo sikuwahi kuiona. Nilipoanza kusema, machozi yalinijia, ya kweli safari hii, ya kwanza tangu mazishi. Hakusimamisha ungo.

"Hapa hatulii tena, kaka. Sisi tulimaliza. Ukitaka kulia rudi chuoni, kule machozi yako wanayapiga muhuri."

Tangu siku ile, nikipiga simu anaipokea, anasikia ni mimi, anampa baba mdogo.

Nawe unayesoma haya ukiwa na tasnifu isiyokwisha, mkataba usioeleweka na kaburi ambalo bado ni bichi, nisikilize. Ukishindwa, sema umeshindwa. Sema kichwa hakifanyi kazi. Sema unaogopa kufungua daftari. Msimamizi wangu angenielewa. Nilipomweleza ukweli hatimaye, alisema tu kwamba yeye mwenyewe alikaa mwaka mzima bila kugusa nguo za marehemu mumewe. Lakini usimtume maiti wako ofisini akakuombee muda. Atakuombea vizuri sana, na watakupa. Na muda huo hawautoi wao. Unakatwa kwenye umri wa mtu fulani nyumbani, aliyekaa kimya, akikungoja useme neno moja.