Kibali Kilichovaa Plastiki

Sababu ya safari hii ilikuwa maji. Marehemu baba alikuwa dereva wa lori la mizigo kati ya Nairobi na Moshi, na kila aliporudi nyumbani kwetu, mtaa wa Jericho, alimsimulia mama habari za maporomoko ya Marangu, huko Tanzania, jinsi maji yanavyoshuka kutoka juu na jinsi mtu anavyolowa bila mvua. Alimwahidi kwamba siku mama atakapopata kitambulisho atampeleka akayaone. Kitambulisho kilikawia. Familia kama yetu, Waislamu wa Nairobi ambao babu zao walitoka pwani na kwingineko, huulizwa zaidi ya wengine: cheti cha baba, cheti cha babu, barua ya chifu, mashahidi. Mama alizungushwa miaka na miaka, na kilipotoka, baba alikuwa ameshatangulia mbele ya haki.

Tangu hapo mama akawa na tabia ya kutia karatasi plastiki. Kila hati inayoingia nyumbani huenda nayo kwa Brayo, mwenye duka la kompyuta karibu na soko, naye huipitisha kwenye mashine ya laminesheni ikatoka imebanwa ndani ya nailoni ngumu. Vyeti vyetu vya kuzaliwa, kadi za kliniki za wajukuu, cheti cha babu kilichokuwa kimeanza kuchanika kwenye mikunjo, vyote vimepita pale. Hukaa katika mkoba mweusi, na mkoba hukaa chini ya mto wake. Tahadhari kabla ya hatari, husema. Wala si yeye peke yake. Brayo amesomesha watoto kwa nailoni ya akina mama wa Jericho.

Mwaka huu chama cha akina mama wa mtaani kiliamua kwenda matembezi. Mwenyekiti wao ni Mama Adhiambo, jirani yetu wa ukuta mmoja, mtu wa Siaya, ambaye amegombana na mama na kupatana naye tangu sijazaliwa. Wengi walitaka Mombasa. Mama alisema Marangu, na akaongeza kwamba wakikubali Marangu, pilau ya safari itakuwa juu yake. Pilau ya mama haina mpinzani Jericho, kwa hiyo mjadala uliishia hapo.

Mimi Saumu, binti yake, ninauza mapazia sokoni na nina simu nzuri, basi kazi ya hati niliangushiwa mimi. Niliwaombea wote vibali vya muda vya kuvukia mpaka, nikawasukuma kwenda kuchanjwa homa ya manjano, kisha nikamkabidhi kila mtu vyake mkononi. Nilisema neno moja tu: visipotee, visiharibike. Mama alinisikia vizuri kuliko wote.

Jericho, alfajiri. Basi la kukodi lilisimama mbele ya soko likiwa limewashwa taa. Dereva wetu, Kamau, alipakia mabegi, halafu akasaidia kuinua masufuria mawili ya pilau yaliyofungwa shuka na kuyaweka nyuma kwa adabu ya mtu aliyesikia harufu. Jogoo Road ilikuwa tupu kama haijawahi kuniona nikichelewa.

Kitengela tulikunywa chai. Baada ya hapo majengo yalipungua, ikaja nchi pana yenye nyasi kavu na miiba, na ng'ombe wakivuka barabara bila haraka. Mama alikaa dirishani, mkoba mweusi mapajani.

"Mama Saumu, huo mkoba umebeba dhahabu?" Mama Adhiambo alimuuliza.

"Zaidi ya dhahabu. Dhahabu haiulizwi na polisi."

Namanga, mpakani, tulifika jua likiwa limeanza kuuma. Maofisa wa nchi zote mbili hukaa jengo moja: unaanza dirisha la Kenya, unagongewa muhuri wa kutoka, kisha unasogea dirisha la Tanzania. Foleni ilikwenda vizuri. Zamu ya mama ilipofika, alifungua mkoba, akatoa kibali na kukisukuma chini ya kioo. Kiling'aa.

Ofisa alikuwa mwanamke kijana mwenye nywele zilizosukwa kwa makini. Alikigeuza mbele na nyuma.

"Mama, sasa hapa nitagonga wapi?"

"Gonga tu juu yake, mwanangu."

Aligonga. Kisha akapitisha kidole gumba juu ya muhuri, nao ukafutika wote, akatuonyesha kidole kilichojaa wino.

"Nani alikwambia ukifanye laminesheni?"

"Hakuna aliyeniambia. Hii ni karatasi ya serikali. Karatasi ya serikali haiachwi ikae uchi."

Nilikikagua nikiomba Mungu pawe na upenyo. Hapakuwa na upenyo. Brayo ni fundi, na nailoni yake ikishaganda kwenye karatasi, ukiibandua unabandua na maandishi. Ofisa alisema kibali kile kimekufa. Kipya kingeweza kuombwa palepale, dirisha la mwisho, ila foleni yake ilikuwa ndefu na mtambo siku hiyo ulikuwa ukienda na kukwama. Huenda mchana, huenda jioni.

Wenzetu walikuwa wameshagongewa. Kamau alisema kwa upole kwamba hapendi kuingia Moshi na giza. Mama mmoja, ambaye simtaji kwa kuwa bado tunauziana, alisema si neno, Saumu anaweza kurudi naye Nairobi, Marangu haihami. Wengine walitazama chini. Mimi nilikuwa nimeshaanza kutafuta kwa macho gari za kurudi. Nilisikia uchungu na sitaki kuupamba: mwenye ndoto ya safari ndiye pekee angeikosa, tena kwa kosa la kuitunza karatasi.

"Subira yavuta heri," mama alisema. Sikuwa na hali ya kusikia methali.

Mama Adhiambo alikwenda nyuma ya basi, akamwambia Kamau afungue buti, akateremsha masufuria mawili ya pilau moja baada ya jingine na kuyapanga kivulini, kando ya mlango wa ofisi. Akakunja kanga yake, akaketi kati yake.

"Nendeni salama," alisema. "Hii pilau inangoja mwenyewe."

Kamau alitazama masufuria, akatazama barabara ya Arusha, kisha akapanda kwenye basi na kuzima injini.

"Hapo umetuweza, mathe," alisema.

Dirisha la mwisho tulingoja sana. Zamu ilipowadia tulimkuta ofisa yuleyule, amehamishiwa huko kusaidia. Kabla hajasema lolote, mama alipindua mkoba na kuanza kupanga hati zake juu ya kaunta: kitambulisho, cheti chake cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, cha kifo cha baba, cha babu, vyote vikimeta.

"Hivi vyote ni vya nini, mama?"

"Usije ukasema kuna kilichokosekana."

Ofisa alichukua kitambulisho peke yake. "Hiki kinatosha."

Mama akausukuma mbele ule ukoo wa karatasi. "Na hiki cha baba yangu? Kina muhuri wa zamani."

"Sikihitaji. Wewe ni Mkenya, imeandikwa hapa. Kitambulisho kinatosha."

"Kinatosha?"

"Kinatosha, mama."

Nimesimama na mama mbele ya meza nyingi. Sikuwahi kulisikia neno hilo likitoka upande wa pili wa meza. Yeye alianza kurudisha hati mkobani, akizitia kichwa chini miguu juu, yeye ambaye huzipanga kwa umri. Nilijifanya kusoma tangazo la chanjo ukutani, maana machozi ya mzazi hayatazamwi.

Kibali kipya kilipogongwa, alikishika pembeni kwa vidole viwili na kukipuliza wino ukauke. Dirisha la Tanzania wakamwambia karibu.

Karibu na Longido tulisimama chini ya migunga tukala. Yule mama aliyetaka turudi alipewa pilau ya kwanza, tena na nyama nyingi, na mama mwenyewe. Hiyo ndiyo adhabu yake mama, na huuma.

Moshi tuliingia na giza kama Kamau alivyohofia, na hakuna lililotupata. Mwenye nyumba ya wageni, Mama Neema, alitupokea mlangoni.

"Shikamooni. Poleni na safari."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa."

"Mmetoka Nairobi? Mbona Kiswahili chako kizuri hivyo?"

"Chao ndicho kibovu," mama alisema akituonyesha kwa kidevu. "Mimi nilikuwapo kabla ya Sheng."

Mama Neema alipotaka kuandika majina ya wageni, mama alitoa kibali kabla hajaombwa. Alikitoa kama mtu anayeonyesha picha ya mjukuu.

Marangu, asubuhi ya pili, baada ya bakuli la mtori, ile supu ya ndizi ya huko. Njia ya kushukia kwenye maporomoko ni ya ngazi za udongo na mawe, yenye utelezi, na magoti ya mama si ya kutegemewa. Mama Adhiambo alimshika mkono mmoja, mimi mwingine. Maji yalisikika kabla ya kuonekana. Tulipopinda kona ya mwisho yakatokea, meupe, yakianguka kutoka juu ya mwamba kwenye dimbwi lenye miti kandokando. Si makubwa kama nilivyoyabuni utotoni. Ni mazuri tu.

Mama alinipa kibali nikishike kisilowe, akasogea karibu, karibu kuliko nilivyotaka, akasimama mpaka buibui lake likamganda mabegani. Tulimngoja. Aliporudi uso wake ulikuwa unachuruzika maji, na sikujua yapi yalikuwa ya maporomoko.

"Baba yako alikuwa hasemi uongo," alisema.

Kurudi kulikuwa kwepesi. Namanga tulikuta ofisa mwingine, akamgongea mama muhuri wa kuingia bila hata kuinua uso. Mama alisikitika kidogo. Alikuwa amejiandaa kuulizwa.

Atakayependa kufuata njia hii namshauri abebe kitambulisho, kibali, kadi ya homa ya manjano na pilau. Kibali kiachwe kama kilivyotoka, kwa kuwa kazi yake ni kugongwa. Hilo sikulijua mimi niliyejifanya mjuzi wa hati, na nadhani wengi wa mtaani kwetu hawalijui, sisi tuliozoea kwamba karatasi ni ya kujitetea nayo.

Jericho, siku iliyofuata, nilimsindikiza mama sokoni kununua vitunguu. Brayo alikuwa mlangoni pa duka lake.

"Niaje, mathe. Nimeskia mlivuka. Leta hiyo kitu niivalishe."

Mama alifungua mkoba mweusi. Akakitoa kibali, chenye mkunjo katikati sasa na doa la mafuta ya pilau pembeni. Akapitisha kidole juu ya mihuri, halafu chini yake, mahali palipokuwa bado peupe.

"Hiki hapana," alisema. "Hiki kina nafasi bado."