Muzee alikubali kuniuzia shamba Kalembe, na mimi sikuita shahidi hata mumoja

Wakuu, salamu kwenu wote popote mulipo.

Nimesoma humu nyuzi nyingi za watu wenye wananunua kiwanja ao nyumba kwa mara ya kwanza, nikawa nanyamaza. Leo naleta yangu. Sitatia chumvi, yote ni vile ilinipata.

Kiswahili changu ni cha huku Kivu ('njo' yetu ni 'ndiyo'), mukiona neno limepinda munivumilie.

Mimi ni mutoto wa Buleusa, upande wa Walikale. Vita ilitutoa kwetu, tukafika Kalembe, mimi na bibi yangu (muke wangu) na watoto. Bibi yangu huku wanamuita Mama Asifiwe, jina ya binti yetu wa kwanza. Mimi basi ni Papa Asifiwe.

Kalembe iko pale Masisi na Walikale zinagusana. Ni milima, udongo mweusi, maharagi inakubali vizuri sana.

Mwenye alitupokea ni muzee mumoja wa pale, Papa Bauma. Mukristo wa kweli, haongei sana. Alitupatia kipande cha kulima kwa kukodi, na kila mavuno tunamupelekea sehemu yake. Tulikaa hivyo miaka kadhaa bila neno mubaya kati yetu.

Lakini wakuu, shamba ya kukodi iko na sheria yake. Unapanda maharagi, viazi, mihogo, basi. Kahawa hapana. Migomba hapana. Ukipanda kitu chenye kinakaa, watu wanaanza kuuliza kama unataka kurithi.

Mimi kila asubuhi nilikuwa naangalia ile mulima, naona kahawa yenye haiko.

Sasa ikafika siku moja tuko tunapalilia. Papa Bauma akapanda mulima polepole, na fimbo, anapumzika kila hatua kidogo. Bibi yake alikuwa amekufa, watoto wake wote walikuwa wamehama. Akafika, akanipa alama ya mukono, nikamufuata pembeni. Mama Asifiwe akabaki chini anaendelea na jembe.

Akaniambia: "Papa Asifiwe, hii shamba imenishinda. Binti yangu anataka niende kukaa kwake Sake. Watoto wangu wanaume hakuna mwenye atarudi kulima huku. Wewe unaweza kuinunua?"

Nikamutajia kile naweza kutoa. Akaangalia bonde mpaka nikafikiri nimemukasirisha.

Kisha akasema: "Nimekubali. Iko yako. Sasa njo utapanda kahawa."

Nikataka nimupe kitu kidogo cha kwanza, kama arabuni. Akakataa. "Hapana. Utaleta yote pamoja, siku ya kuandika."

Tukashikana mikono. Nilishuka ule mulima kama mutoto wa shule siku ya matokeo.

Hapa sasa musome polepole, sababu hapa njo kila kitu kiliharibika.

Mbele ya kuachana, yeye mwenyewe, muzee mwenyewe, akaniambia: "Jumatatu twende kwa chef wa kijiji. Tuite majirani, niseme mbele yao, waandike."

Na mimi nikajibu nini?

"Papa, tusiende mbio. Kaka yangu mukubwa iko Walikale. Acha afike kwanza, njo twende wote."

Wakuu, ile sababu ya kaka ilikuwa kweli. Kwetu mambo ya udongo mutu haendi peke yake, anaenda na ndugu. Lakini kulikuwa sababu ingine sikuisema. Niliogopa watu wasikie. Nilifikiri, tukienda kwa chef kabla feza yote haijakamilika, habari itatoka, na mutu mwenye mufuko muzito atafika kwa Papa Bauma mbele yangu.

Nilidhani siri njo itanilinda.

Tena nilitaka kumuonyesha heshima. Mutu alikupokea ukiwa na godoro kichwani, watoto wana njaa, halafu leo umukimbize kwa chef kama mwizi wa mbuzi? Nikamuambia: "Papa, neno yako inanitosha."

Akacheka. "Neno yangu imezeeka, mutoto. Lakini sawa."

Nilikubaliana hata na Mama Asifiwe tusiseme kwa mutu. Yeye aliuliza tu: "Na kwa chef mutaenda siku gani?" Nikamujibu, kaka akifika.

Kaka hakufika. Barabara ya Walikale ilifungwa tena, munajua hali ya huku. Leo wanapita, kesho hawapiti. Kila mara ananiambia kwenye simu, "Ngoja kidogo." Na mimi nangoja.

Katikati ya kungoja, kifua ikamukamata Papa Bauma. Riziki, ule binti yake wa Sake, akatuma watu wamuchukue aende atibiwe kule. Niliwasaidia kumubeba mpaka penye pikipiki ilikuwa inasimama. Alinishika bega, akasema atarudi.

Nilimupigia simu mara moja. Riziki njo alipokea, akamupatia baba yake. Sauti ilikuwa ndogo. Akaniambia, "Ile mambo yetu, nikirudi tutamaliza. Usihangaike."

Riziki alikuwa kando yake, wakuu. Kando yake kabisa! Ningesema tu, "Papa, mwambie na binti yako." Maneno machache.

Niliona aibu. Mutu anatafuta pumzi, mimi nimutajie shamba? Nikamuombea Mungu amuponyeshe, nikakata simu.

Hakurudi.

Nilienda Sake kwenye kilio cha msiba wake. Watu walikuwa wengi, kwaya iliimba, na mimi nililia kweli, si ya shamba. Yule muzee alikuwa mutu. Nikasema moyoni, hapa hatuongei udongo. Nikarudi Kalembe kungoja kilio kiishe.

Kisha watoto wake wakapanda kuja Kalembe kuangalia mali ya baba yao. Mukubwa wao anaitwa Faustin, anafanya biashara Minova. Nilimukuta amekaa kwenye banda ya baba yake, Riziki iko pembeni anafagia. Nikawasalimia, nikatoa pole, kisha nikaeleza yote vile niliwaelezea hapa.

Faustin alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunikatiza. Kisha akauliza:

"Papa alikubali mbele ya nani?"

"Mbele yangu."

"Na nani tena?"

"Tulikuwa sisi wawili."

"Ulimupatia kitu?"

"Alikataa. Alisema nilete yote pamoja."

Hakuwa na hasira, na hiyo njo iliniumiza zaidi.

"Kaka, sikuiti muongo. Unaweza kuwa unasema kweli. Lakini tangu tufike hapa, mutu mumoja amekuja anasema papa alimuahidi hii shamba kabla ya kuugua. Mwingine anasema alimuahidi upande wa chini, kwenye maji. Wote wanasema walikuwa wawili tu na papa. Sasa wewe ni wa tatu. Niambie, nifanye nini ili nijue nani anasema kweli?"

Nikamugeukia Riziki. "Dada, siku ile kwenye simu, hakukuambia kitu?"

Akaacha kufagia. "Aliniambia amepata mutu wa shamba. Hakutaja jina. Na mimi sikuuliza, nilikuwa nafikiri dawa tu."

Alisema hivyo na machozi. Na wale wengine wawili, hata hiyo habari ya "amepata mutu" ingewafaa vilevile.

Munaona wakuu? Kweli yangu ilikuwa imevaa nguo moja na uongo wa wengine. Hakuna mutu angeweza kuzitofautisha.

Faustin aliniuliza kama naweza kutoa bei yenye mwingine ametoa. Huyo mwingine alikuwa Mama Zawadi, mufanyabiashara wa maharagi kutoka Sake. Nilijaribu. Nilipiga simu kwa kaka, nikapiga kwa shemeji, nikauliza hata kanisani. Haikufika. Sikumulaumu Faustin. Yeye pia alikuwa na ndugu zake wa kugawana nao.

Siku ya kuandika ikafika. Chef alikuwa pale, wazee, majirani wa kila upande, Mama Zawadi na mushauri wake. Yule mama alikuwa amejipanga: aliomba watoto wote wa marehemu watie sahihi, hata mudogo mwenye alitoka Goma. Aliomba wazunguke mipaka na miguu. Hakuona aibu hata kidogo, na hakuna mutu alimuona mubaya. Walimuheshimu.

Nilisimama nyuma. Kisha chef akaita: "Mwenye analima sasa iko wapi? Na yeye aje, asije kusema kesho hakujua."

Nikasogea mbele. Wakaniuliza kama niko na neno.

Wakuu, watu wote waliniangalia. Riziki aliinamisha kichwa. Faustin aliniangalia machoni, naona anangoja.

Ningepiga kelele, labda shughuli ingesimama siku ile. Lakini ningethibitisha na nini? Ningechafua jina ya muzee tu, watu waseme aliuza shamba moja kwa watu wengi.

Nikasema, "Sina neno."

Wakanipa bic ya kuandika. Jina yangu ikaandikwa kwenye karatasi ya mauzo ya ile shamba, sahihi yangu iko pale mpaka leo. Chini ya neno shahidi.

Mama Zawadi alitenda vizuri. Alituachia tuvune maharagi yetu mpaka ya mwisho. Tulivuna na Mama Asifiwe, jua likaenda mpaka likaanza kushuka. Nilijua iko na neno moyoni, nikamungojea.

Tukiwa tunafunga magunia, akasema bila kuniangalia:

"Mimi nilikuwa pale chini na jembe. Ungeniita tu nisimame karibu. Na mimi niko na masikio."

Hakuongeza kitu, hata leo hajarudilia ile neno. Sasa tunakodi kwa mutu mwingine, mbali kidogo, na watoto wanaendelea kusoma. Maisha inaenda. Lakini ile neno ya bibi yangu inaniamsha.

Basi ndugu, mwenye iko karibu kununua kwa mara ya kwanza: siku mwenye mali anasema "nimekubali", bado hujapata kitu. Umepata nafasi tu, na ile nafasi inaweza kufa na mutu, ao kubadilika na roho ya mutu. Kabla hamujashuka mulima, ita mutu wa tatu asikie. Bibi yako, jirani, mutu mwenye anapita. Uliza watoto wake wanasema nini. Na akikuambia mwenyewe "twende kwa chef", wakuu, enda hata kama mvua inanyesha. Feza isipotosha, waandike kwamba haijatosha na itatoka wakati gani.

Usifikiri kuomba karatasi ni kumutukana muzee. Karatasi ingemulinda na yeye pia. Leo kuna watu Kalembe wanasema Papa Bauma alikuwa anaahidi ovyo, na mimi mwenye najua kwamba si kweli, siwezi kumutetea.

Sasa nawauliza ninyi wenye mulifaulu: ulimuambia namna gani mutu mwenye unamuheshimu kwamba unataka shahidi, bila kumuumiza? Ulitumia maneno gani hasa?

Andikeni hapo chini. Mimi nimechelewa, lakini kuna mutu anasoma hapa kimya, na muzee wake amekubali jana.