Kadi ya Vyumba Vitatu

Ile kadi niliibuni mimi, na sikumwachia mtu asahau hilo. Nilikuwa dresa, mfunga vidonda na mgawa dawa, katika dispensari moja ya Kisauni, miaka michache kabla ya Uhuru, kijana wa kaptula nyeupe iliyopigwa pasi mpaka inakata, na kinywa kisichofungika. Wagonjwa wetu wengi hawakujua herufi za Kizungu, wakifika nyumbani wanachanganya dawa. Basi nikakata maboksi matupu, nikatengeneza kadi yenye vyumba vitatu kwa mstari: cha asubuhi, cha adhuhuri na cha usiku. Ndani ya chumba natia nukta kwa wino, nukta moja kidonge kimoja. Daktari Mzungu aliyekuwa akitujia kila Alhamisi kutoka kisiwani, ng'ambo ya maji, aliitazama akasema kazi nzuri. Ah, basi! Wiki nzima hapakukalika nami.

Mmoja wa niliowapa kadi alikuwa mama mjane, mwalimu wa chuo, akisomesha watoto Kurani barazani kwake. Bintiye, msichana wa miaka kumi na sita hivi, alikuwa na kifafa. Dawa yake ilikuwa kidonge kimoja asubuhi, adhuhuri hakuna, usiku viwili. Nilimweleza mama pale dirishani, kwa sauti, foleni imejaa nyuma yake: chumba cha kwanza ni asubuhi, cha kati adhuhuri, cha mwisho usiku, na afuate nukta.

"Umefahamu?"

"Nimefahamu, baba."

"Haya, mwengine!"

Miezi miwili ikapita, msichana akazidiwa. Mchana kutwa anasinzia, na alfajiri anaanguka. Siku moja alisinzia mbele ya jiko la makaa akaungua mkono. Daktari alipomhoji, macho mazito, maneno hayatoki. Akanambia kando kwamba huyu si kifafa peke yake, akili nayo imeguswa, na mwisho wa mwezi unaofuata atampeleka bara, kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili. Barua alikwisha kuiandika. Ikabidi mimi ndiye nimfasirie mama. Hakulia. Aliuliza tu, "Na huko akiamka ana hofu, atamwita nani?"

Nami, badala ya kuona huruma, nikapandwa na hasira. Nilikuwa na yakini kuwa dawa hawampi, wamekwenda kwa mganga, na sasa kadi yangu itaonekana haifai. Kesho yake asubuhi, kabla ya kufungua dispensari, nikapanda baiskeli kwenda kuwafumania.

Sikufumania kitu. Kadi imetundikwa msumarini, safi, na vidonge vimo ndani ya kikombe kilichofunikwa. Mama akanikaribisha, akaitazama kadi, akamtolea bintiye vidonge viwili. Asubuhi! Viwili!

"Lahaula! Unamuua mwanao!" nikapiga kelele, nikamnyang'anya kikombe. "Kadi hii hata kipofu angeisoma! Mumeshindwa na nukta tatu?"

Watoto barazani wakaacha kusoma. Mama alinipita. Aliitungua kadi, akawatokea wanafunzi wake, akawaambia, "Nionyesheni chumba cha kwanza." Akawapitishia mmoja mmoja. Kila mtoto, wallahi kila mmoja, alitia kidole chumba cha mwisho upande wa kulia. Kwenye nukta mbili.

Uso uliniwaka moto. Nani Kisauni asiyejua kwamba msomaji wa Kurani huanzia kulia? Mimi mwenyewe nilisoma chuo mpaka nikahitimu, na bakora za herufi zile nilizila sawasawa. Kisha nikatiwa skuli, macho yakageuzwa, nikasahau kama yaliwahi kuanzia upande mwengine. Mama yule alikuwa msomaji kunishinda mimi, amesomesha nusu ya mtaa, nami nimemwita kipofu mlangoni pake, mbele ya wanafunzi wake.

Nikaketi chini. "Niwie radhi, mwalimu. Lakini mbona hukuniuliza?"

"Nikuulizie wapi? Pale dirishani? Nianze kutaja kifafa cha mwanangu na watu wote wanasikia, kesho nani atakuja kumposa? Wewe ulitaka nikwambie nimefahamu, nikakupa ulichotaka."

Tukakaa mkekani tukaitengeneza kadi upya. Mimi nilitaka kuchora mshale. Akanicheka. "Mshale wa nini, mwanangu? Mimi saa sina, na hawa watoto hawaniachi nikafikiri. Lakini sala sijaisahau hata siku moja." Akaigeuza kadi, akaandika nyuma kwa herufi za Kiarabu: baada ya alfajiri kimoja, baada ya isha viwili. Vidonge akavihamishia kwenye mkunjo wa msala wake. Kwisha. Kadi yangu ilimtaka yeye abadilike. Yake haikumtaka abadilishe kitu.

Mungu amrehemu mama yule. Tangu siku hiyo wenye maradhi ya kusetiriwa nikawa nawaingiza ndani na mlango naurudisha. Sikuuliza tena mtu kama amefahamu; nilisema, "Hebu nionyeshe utakavyompa." Na wasiosali nikawauliza siku yao inakwendaje, mmoja akachagua jogoo wa kwanza na kurudi kwa mbuzi, na dawa hakuikosa. Hayo yote niliyapata kwake, bure, baada ya kumtukana.

Ikafika Alhamisi ya mwisho wa mwezi, siku ya barua kupelekwa. Msichana alikuja na mamake, macho maangavu, akajibu kila alichoulizwa, mimi nikifasiri. Kwa wiki tatu hakuwa ameanguka. Daktari akashangaa, akataka kujua kumebadilika nini. Nikisema kweli, kazi imekwenda. Nikamtazama yule msichana, nikasema kweli yote: kadi ni yangu na kosa ni langu. Daktari akakunja uso.

Mama hakujua Kiingereza, lakini nyuso alijua kuzisoma. "Mwambie asikuondoshe," akanambia. "Wakikuondosha wewe wataleta mwengine, nami nianze kusomesha upya."

Nikamfasiria daktari neno kwa neno. Mzungu yule akaangua kicheko, akaichana barua vipande viwili. Machozi yalinitoka pale pale, mtu mzima na kaptula yangu.

Nilikuwa nawasindikiza mlangoni, nikishukuru mpaka maneno yananiishia, msichana aliposimama.

"Kaka, mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba vile viwili vya asubuhi ndivyo vilivyokuwa vikinilaza. Nilijua tangu wiki ya kwanza. Umezungumza wewe, amezungumza mama, amezungumza daktari. Mimi hakuna aliyeniuliza dawa inanifanyaje."

Nikamtazama mama, naye akainamisha kichwa. Nikavuta benchi, nikamketisha, nami nikakaa chini sakafuni mbele yake.

"Haya, bibi. Nakuuliza sasa."

Alizungumza mpaka adhuhuri, na hakuna aliyemkatiza.