Deni Lililomshinda Muflisi

Shaame Hamad alisomea usimamizi wa biashara kwa mkopo wa serikali ya Uingereza, na alipohitimu akafungua mgahawa huko huko, mtaa wa Tooting. Mgahawa wenyewe, juu ya elimu yote ile, ukafa mwaka wa pili. Akatangazwa muflisi, gari likachukuliwa, madeni ya benki yakafutwa. Siku hizi anaendesha basi, na abiria wanampenda.

Wazee wake wako Pemba, kwa hiyo alikwenda mwenyewe kumposa Suad kwa ami yake, Mzee Ziyad. Mzee alimwacha anywe kahawa kwanza, kisha akamuuliza lile ambalo hakuna mposaji anayelikwepa.

"Una deni?"

"Moja tu, Ami. Ufilisi uliyafuta mengine yote, lakini la masomo sheria hailigusi."

"Yaani limefutwa la mgahawa, likabaki la kukufunza kuendesha mgahawa?"

"Ndiyo. Wananikata kwenye mshahara kidogo kidogo. Nikifa ndiyo linafutwa."

Mzee Ziyad aliweka kikombe chini. Alikwisha kuwakataa wachumba wawili, mmoja daktari, kwa kuhofia madeni yao yatamwelemea mjane.

"Halimrudii mke?"

"Halimrudii hata kidogo."

"Basi huyu ndiye mume," mzee akasema. "Wenzake wakifa huacha madeni. Huyu anaondoka nalo."

Suad, aliyekuwa akisikiliza jikoni, akatoka na sahani ya visheti.

"Ami, unanioza mume au maiti?"

"Mume, mwanangu," mzee akajibu, akichagua kisheti kikubwa. "Ila nimemtazama pande zote mbili."