Mshumaa wa Alice, Huku na Huku

Ukitaka kumwona Alice, usiende kwake Hopkins, kule Minnesota. Pale ni mahali anapoweka viatu. Mchana yuko Inver Grove Heights, anawalisha na kuwaogesha watu wasiojiweza. Jioni yuko kwenye nyumba ya wazee kule Saint Paul. Katikati yuko ndani ya gari, mkono mmoja kwenye usukani na wa pili umeshika chapati. Simu ikilia kwamba mtu hajafika kazini, Alice hukubali kabla hajaambiwa ni wapi. Wakenya wenzake hupiga dabo, shifti mbili mfululizo, yeye hupiga dabo kisha anauliza kama kuna nyingine.

Harusi, ubatizo, matanga, Alice hupika, hutuma, haji. Sahani yake hufungwa kwa foili na kusindikizwa kazini kama mgonjwa. Miaka yote ya Minnesota hajala pilau ya sherehe ikiwa moto.

Aliyeumia kwa hilo ni rafiki yake Joan, mama anayeamini kwamba bila yeye kanisa lao la mtaa wa Phillips lingekuwa ghala la viti. Wawili hao hufanya kazi pamoja kwa wale wazee wa Saint Paul.

Jumapili moja Alice aliingia kwenye chai ya baada ya ibada, sare mwilini, uso unang'aa.

"Bosi wangu mzungu amenisifu! Ati nawasha mshumaa ncha zote mbili!"

"Hicho ni Kiingereza cha zamani," Joan akadakia. "Hawakuwa na stima. Mwanafunzi mwenye akili alikuwa anawasha huku na huku, anasoma kurasa mbili kwa pamoja."

Hakuna aliyeuliza amezitoa wapi habari hizo. Joan huwa na jibu kabla ya swali.

Mzee Thaddée, aliyefundisha Kifaransa Uvira kabla vita haijamfukuza, akaweka kikombe chini. "Mama Joan, pole. Ile maneno Waingereza waliichukua kwa Kifaransa, na haikuwa sifa. Mshumaa ilikuwa bei kali. Unaulaza, unauwasha huku na huku. Mwangaza ni mingi, ndiyo, lakini nta inamwagika na mshumaa unaisha mbio. Walisema vile juu ya mtoto mwenye kukula mali ya baba yake bila hesabu. Nyuma Waingereza wakageuza, ile mali ikakuwa nguvu ya mtu. Mwenye kuchelewa kulala na kuwahi kuamka."

"Kumbe amenitukana?" Alice akauliza.

"Non, mama. Ameona unaisha."

Alice akacheka, akatazama saa, akaondoka na mandazi mdomoni.

Neno lile lilimkaa Joan rohoni. Alice alipofaulu mtihani wa unesi, Joan akaapa: safari hii atakaa mbele, ale chakula cha moto, asifiwe masikio yake yakisikia. Ibada ya shukrani ikapangwa kwa siri, Jumamosi alasiri, na Thaddée akapewa kazi ya kumleta kwa kisingizio cha maombi. Joan alipanga kila kitu, hadi rangi ya vitambaa vya meza.

Siku ikafika. Pilau ikaiva. Thaddée akapiga simu kutoka Hopkins. "Mama Joan, nagonga, hakuna mtu. Gari yake haiko."

"Haiwezekani! Leo ni ofu yake, haendi kazini, nimehakikisha mwenyewe."

Joan akampigia Alice. Alice akajibu kwa kunong'ona. "Dada, kuna nini? Niko kazini."

"Kazini wapi?"

"Kwa shifti yako! Si uliniomba nikushikie, ati una shughuli muhimu? Inaendeleaje?"

Joan akakaa chini. Watu wa kazi ile wakitaka ofu, kidole chenyewe humtafuta Alice kwenye simu. Na chake kilikuwa kimemtafuta, akiwa dukani ananunua riboni za sherehe, na Alice alijibu palepale: Sawa dada, enda tu.

Sasa Alice hangetoka. Wazee hawaachwi peke yao, na leseni ya unesi ingempotea hata hajaifurahia. Wa kumtoa pale alikuwa mmoja tu, mwenye shifti. Ukumbi mzima ukamtazama Joan kwa upendo mwingi sana, na kitenge chake kipya, na kilemba alichofunga tangu asubuhi.

"Mnaniangalia nini?" akasema, huku anatafuta funguo za gari.

Alice alimpokea mlangoni, glavu mikononi. "Dada, umependeza! Umefuata nini huku?"

"Vua glavu. Enda Phillips, watu wanakungoja."

"Na shifti?"

"Ni yangu!"

"Sasa mimi nitafanya nini?"

"Utakaa, Alice. Kwa kiti. Basi."

Giza likianza kuingia, Thaddée akafika kwa wazee na sahani iliyofungwa kwa foili. Joan akaipokea, kilemba kimeenda upande.

"Alikula?"

"Alikula, mama. Moto. Sahani mbili. Mchungaji kuanza hotuba, yeye akalala pale mezani."

"Mkamwamsha?"

"Nani amwamshe? Tulizima mishumaa ya keki, tukaongea polepole. Simu yake ikalia, kazi inatafuta mtu wa kesho. Nikaishika mimi, nikasema mama hayuko."

"Umefanya vizuri, mzee. Wakasemaje?"

"Wakauliza kama mimi niko na nafasi."

Joan akaacha kufungua foili. "Na wewe ukasemaje?"

"Kesho wanaanza saa ngapi, mama?" Thaddée akauliza.