Baiskeli Iliyopona Yenyewe

Fundi Saa alinunua baiskeli akiwa na miaka hamsini na tisa, na kila aliyemuuliza sababu aliondoka hajaridhika. Kwa miaka thelathini alikuwa ameketi nyuma ya meza moja, mgongo umepinda, lenzi imebanwa jichoni, akifungua saa za watu. Binti yake mkubwa, mwalimu, ndiye aliyeanza maneno. "Baba, magoti yako yanalia kama mlango. Tafuta kitu cha kukutoa kwenye hicho kiti." Basi akaenda duka lililo nyuma ya uwanja wa mpira, ambako zilipangwa baiskeli za milimani za bei nafuu, safu nzima, nyekundu zote, zenye mistari myeusi. Mlima wenyewe mji ule haukuwa nao.

"Unakwenda nayo wapi?" mkewe aliuliza.

"Siendi popote. Nazunguka tu."

"Mtu mzima anazunguka tu?"

Mkewe akaendelea kukunja nguo.

Baiskeli yenyewe ilikuwa ya bei yake. Breki ya mbele ilipiga mayowe, na gia ya tatu haikukaa: ukiiweka tu, mnyororo unaruka, miguu inazunguka bure kama ya mtu aliyekosa ngazi. Fundi Saa, ambaye aliweza kuirudishia uhai saa ndogo kama ukucha, alihangaika na bisibisi kwa wiki mbili na asifue dafu. Kuipeleka kwa fundi mwingine aliona haya. Akaizoea hivyo hivyo, kama mtu anavyomzoea shemeji mkorofi. Kila jioni akishafunga kazi alifuata njia ya mfereji, akapita kiwanda cha rangi, akapanda taratibu mpaka kwenye tangi la maji, akageuza. Magoti yakaanza kunyamaza.

Jumatano moja alipitia posta. Mlinzi wa pale hakutaka baiskeli zifungwe kwenye nguzo. Alizitaka zote ziegemezwe ukutani, ndani ya uzio, naye azitupie jicho. Fundi Saa akatuma barua ya kuagiza vipuri, akatoka, akapanda, akaondoka. Kwenye kona ya kwanza aliweka gia ya tatu, akajikaza kungoja mruko.

Mruko haukuja.

Akabana breki. Kimya. Akashuka kando ya barabara, akainama, akatazama. Waya wa gia ulikuwa umekazwa vizuri na ncha yake kukatwa sawasawa. Tandiko nalo limeshuka, upana wa vidole viwili hivi.

Mtu mwingine angeshukuru. Lakini yeye alikuwa fundi, na katika maisha yake yote hajaona mashine iliyojitengeneza. Waya haujikazi. Kuna mkono uliofanya kazi ile, na kazi ilikuwa safi, kama ambavyo angeifanya yeye mwenyewe.

Hapo akaitazama mikono yake. Je, kama ni yeye aliyeitengeneza, akasahau?

Marehemu baba yake alianza hivyo hivyo. Alipaka mlango rangi asubuhi, na jioni akauliza nani kaupaka.

"Kuna mtu kaigusa baiskeli yangu?" alimuuliza mkewe alipofika.

"Nani aiguse, na wewe hubanduki hapo ilipo?"

Alipandisha tandiko, na tangu siku hiyo akawa anaandika kila alichofanya kwenye vipande vya karatasi: nimefunga duka, nimemeza dawa ya presha. Saa aliyoimaliza aliifungua tena kuhakikisha kuwa kweli ameimaliza. Mteja mmoja aliyezoea kuchukua saa yake kesho yake alirudi mara tatu, akaondoka akinung'unika. Usiku usingizi ulikuja kwa shida, na jioni hakuzunguka tena.

Wiki iliyofuata ilibidi arudi posta kuchukua vipuri, akaenda na baiskeli. Mlinzi alimwona kwa mbali, akamwita kwa mkono. "Mzee, njoo. Huyu dada anakutafuta, au anamtafuta mtu kama wewe."

Dada mwenyewe alikuwa mkunga, bado amevaa sare ya kazini, na kando yake ilisimama baiskeli nyekundu yenye mistari myeusi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Samahani, baiskeli yako haijabadilika tabia siku hizi? Maana yangu niliiacha hapa nzima, nikarudi nayo nyumbani ikiwa mgonjwa. Inaruka gia, inapiga kelele. Nimemsema kaka yangu siku nzima, maana ndiye aliyeitengeneza. Masikini, akaitengeneza tena."

Fundi Saa aliegemeza baiskeli ukutani. "Ilikuwa Jumatano?"

"Jumanne."

"Mimi ilikuwa Jumatano."

"Jumanne, mzee. Jumatano nilikuwa zamu, nimezalisha pacha."

Basi hawakubadilishana wao kwa wao. Wakageukia mlinzi. Mlinzi akavua kofia, akajikuna. "Yupo na jamaa mmoja mpaka rangi, ana ya namna hiyo hiyo. Na fundi mabomba pia. Mimi nalinda, mzee. Majina ya wenyewe siyajui."

Wakazigeuza zote mbili juu chini. Namba chini ya fremu zilikuwa zimefunikwa na rangi ya kiwandani. Mkunga akapanda ya Fundi Saa, naye akapanda ya mkunga, wakazunguka uani mara mbili, kila mmoja ametega sikio. Zote zilikwenda vizuri.

"Mimi nimeshafunga kapu kwenye hii niliyokuja nayo," mkunga alisema mwishowe.

"Basi kaa nayo, binti yangu."

Alipofika nyumbani alimsimulia mkewe yote, pamoja na habari ya vipande vya karatasi. Mkewe aliketi kitandani taratibu.

"Nimeviona," alisema. "Juzi nilimpigia mwanao simu nikilia. Nilidhani unanisahau."

Fundi Saa akamshika mkono. Mkewe akajifuta macho, akachungulia dirishani.

"Sasa hiyo iliyoko nje ni ya nani?"

"Sijui. Pengine ya mpaka rangi."

"Na yako iko wapi?"

Fundi Saa akaanza kucheka, mpaka mabega yakatikisika.